Sukari ya Bwana Bei

4 Februari

Babu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimesimama, viwiko vimejaa unga, maana dereva wa lori la unga anakaribia kuondoka. Ameahidi kuiacha barua hii dukani kwa Kona. Kwenye simu mimi na wewe hatuelewani tena. Mara ya mwisho nilikuuliza umekula nini, ukanijibu, "Na wewe pia, mjukuu wangu."

Nina swali, na ni swali la kazi yako. Mwaka wa tatu huu tangu nifungue nyumba hii ya mikate, na mkate wangu wa nusu kilo bado nauuza elfu moja na mia tano, bei ya siku ya kwanza. Unga niliukuta elfu moja na mia tatu kwa kilo, sasa wakala wa kiwanda anataka elfu moja na mia tisa. Hamira imepanda. Kuni za tanuri zimepanda. Mwisho wa mwezi nikishawalipa fundi wa tanuri na mama anayeuza dirishani, mimi mwenyewe natoka na mkate wa kula nyumbani, basi.

Nafikiria kupandisha hadi elfu moja na mia tisa, lakini naogopa. Wateja wangu ni wapita njia, na mtaa wa pili kuna mwokaji mwingine. Fundi wa tanuri ananiambia, "Dada, bei usiiguse. Punguza donge kidogo tu, nani ana mizani tumboni?" Nimemkatalia.

Wewe umefuata bei za vitu maisha yako yote. Niambie: hali hii itatulia, au nipandishe? Utakalosema ndilo nitakalofanya. Nikikosea hapa, Babu, tanuri litazimika na watu watatu tutarudi nyumbani.

Mjukuu wako

•

11 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako imefika na alama za vidole vya unga. Nimeihifadhi hivyo hivyo.

Umeniuliza swali ambalo ofisi ya takwimu ilinilipa miaka thelathini na mmoja kulijibu, kwa hiyo vuta kiti. Unajua hapa mtaani bado wananiita Bwana Bei. Kila mwezi, wiki ya pili, nilitoka na fomu yangu na mizani ndogo ya kuning'iniza, nikapita kwenye maduka yale yale, nikauliza bei ya vitu vile vile: mkate, sukari, sabuni ya mche, mafuta, mchele, kiberiti. Tulikiita kikapu. Hakikuwa kikapu cha ukindu, kilikuwa orodha tu ya vitu ambavyo nyumba haiwezi kukaa bila kuvinunua. Ukijua kikapu kile kile kinagharimu kiasi gani mwaka huu na mwaka jana, umejua pesa yako imepungua nguvu kiasi gani.

Nikuambie jambo ambalo wengi hawalioni. Mwaka nilioanza kazi, mkate wa nusu kilo uliuzwa senti sitini. Wewe unauuza elfu moja na mia tano, yaani bei imepanda mara elfu mbili na mia tano. Mtu akisikia hivyo hushika kichwa. Lakini mshahara wangu wa kwanza ulikuwa mia mbili na arobaini kwa mwezi, na mwezi una kama saa mia mbili za kazi. Piga hesabu utaona kwamba mkate ulinigharimu nusu saa. Fundi wako wa tanuri, kama bado unamlipa laki sita, mkate unamgharimu nusu saa pia. Redio yangu ya kwanza ilikula mishahara mitatu. Leo fundi wako anaipata kwa kazi ya siku mbili. Kwa hiyo ukubwa wa namba usikutishe. Mfumuko wa bei humuumiza yule ambaye bei zinatembea na kipato chake kimesimama.

Sasa tuje kwenye unga wako. Mimi nanunua kwa Kona. Ubao wake wa bei uliliwa na mchwa zamani na hajaweka mwingine, lakini bei nazishika kichwani, mazoea hayaishi. Miaka tisa iliyopita sukari ilikuwa elfu moja na mia mbili kwa kilo. Leo ni elfu moja na mia nane. Huo ni mwendo wa polepole kabisa, nimeona miaka ambayo ilipanda hivyo kati ya sikukuu na sikukuu. Na unga wa ngano Kona ananiuzia elfu moja na mia nne. Bei ya rejareja, mjukuu wangu! Wewe unayenunua kwa magunia unalipaje elfu moja na mia tisa? Duniani kote anayenunua jumla hulipa pungufu. Huyo wakala anakufanya shamba la bibi.

Ushauri wangu ni huu: usipandishe. Mbane wakala, mwambie bei unaijua, na usubiri miezi michache. Uzito usiuguse kabisa.

Mimi sijambo. Magoti yamegoma safari ndefu, nafika kwa Kona na kurudi, inatosha. Pensheni yangu ni ndogo lakini inanitosha, tena chai nakunywa na vijiko vitatu. Watu wanalalamika ugumu wa maisha, mimi nashindwa kuelewa wanaitumiaje pesa yao.

Babu yako

•

20 Mei

Babu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya, kazi zimenizidi.

Nimefanya ulivyosema. Bei sijaigusa. Wakala nilimbana mbele ya watu, nikamwambia babu yangu ananunua unga rejareja kwa elfu moja na mia nne, na kwamba yeye ni mnyang'anyi aliyevaa shati safi. Alicheka mpaka akaegemea lori. "Basi nipeleke kwa huyo babu yako," akasema, "na mimi nikanunue kwake!" Dereva naye alikuwepo, na hakupenda, ameniambia yeye ndiye anayebeba huo unga na hajawahi kubeba wizi.

Unga sasa ni elfu mbili. Bado nasubiri kama ulivyosema.

Nakuletea mkate wa leo asubuhi, dereva ameuweka kitini pembeni yake kama abiria. Umeumuka vizuri, wateja wanafurahi.

Mjukuu wako

•

24 Mei

Mjukuu wangu,

Mkate umefika, na harufu yake imewavuta majirani wawili ambao kwa kawaida hawanisalimii.

Niliupima kabla ya kuukata. Usikasirike, mkono wangu ulikwenda kwenye mizani wenyewe. Gramu mia nne hamsini na mbili. Najua mkate ukipoa hupoteza maji, nikaupa gramu kumi na tano za safari, nikapima tena, kisha mara ya tatu. Bado zinapungua zaidi ya thelathini. Hilo limekatwa kwenye donge.

Nikusimulie. Katika mwaka wangu wa kumi na mbili kazini kulikuwa na mtengeneza sabuni aliyesifiwa mji mzima kwa kutopandisha bei. Miaka minne bei ile ile, na mkewe akijisifu sokoni. Mimi nilikuwa na rula. Kila mwaka mche wake ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole, na kila mwaka nilimwandikia kwenye fomu kwamba amepandisha bei, kwa sababu ndivyo ilivyo: kitu kikipungua na bei ikibaki, bei imepanda. Siku watu walipogundua hawakugombana naye. Waliacha tu kupita upande ule wa barabara. Mteja uliyempandishia bei waziwazi atanung'unika siku tatu na kurudi. Uliyempunguzia kwa siri hanung'uniki, anahama.

Sikulaumu sana. Nadhani ni huyo wakala anayekukamua. Kwa hiyo nimepata wazo: nitazungumza na Kona anipe magunia kumi kwa bei yangu, nikutumie kwa lori. Tutaona nani atacheka akiegemea nini.

Rudisha uzito, mama.

Babu yako

•

2 Juni

Kwako Kona,

Salamu. Mimi ni mjukuu wa Bwana Bei, yule mwenye nyumba ya mikate. Wewe ndiye unayempelekea barua zangu, kwa hiyo naomba hii usimpelekee. Ni yako.

Dereva wa unga ana kinyongo na mimi tangu nimwite bosi wake mnyang'anyi. Alipokuachia mkate wa Babu mwezi uliopita aliingia dukani kwako kama mteja, akauliza kilo ya unga wa ngano. Ulimwambia elfu mbili na mia mbili. Akauliza sukari, ukamwambia elfu tatu. Amerudi hapa, amenisimamia dirishani mbele ya wateja, ananitajia hizo bei taratibu kama mtu anayefundisha mtoto kuhesabu.

Babu yangu unamuuzia unga elfu moja na mia nne na sukari elfu moja na mia nane. Kwa maneno yake hayo nimeshikilia bei ya mkate kwa karibu miezi minne. Wiki iliyopita nilianza kununua kuni kidogo kidogo kwa sababu mzigo mzima siuwezi, na mama wa dirishani ameanza kuulizia kazi kwingine, anadhani sijui.

Sikugombezi. Nataka tu kuelewa: kuna nini?

Mjukuu wa Bwana Bei

•

8 Juni

Mpendwa binti,

Barua yako nimeisoma nyuma ya magunia ya mchele, na mpaka leo sijajua niandikeje. Mimi ni mtu wa kupima na kufunga, si wa kuandika. Lakini umeuliza kwa heshima.

Ni kazi ya bibi yako.

Miaka tisa iliyopita, unakumbuka, bei zilipaa zote kwa pamoja. Sukari ilitoka elfu moja na mia mbili ikafika elfu moja na mia sita ndani ya mwezi mmoja. Bibi yako alikuja dukani asubuhi, mzee akiwa bado amelala. Akaniambia, "Kona, mume wangu ameacha sukari kwenye chai, anasema daktari amemkataza. Daktari gani? Hajaenda kwa daktari tangu tuoane. Na nyama anasema inamkwama kwenye meno. Akiona bei imepanda anapunguza sahani yake, yangu haigusi. Wanangu wakimpa pesa anawarudishia." Kisha akasema: mzee akija, mtajie bei ya zamani, tofauti nitailipa mimi.

Nilimwambia, mama, huyo si ndiye Bwana Bei? Atanikamata siku ya kwanza! Akacheka. Akasema, "Mpandishie kidogo kidogo. Bei ikisimama kabisa atashtuka, ikitambaa atafurahi." Basi nimekuwa nikimtungia mfumuko wake mwenyewe. Kila miezi sita naongeza kidogo, yeye anatikisa kichwa na kusema, "Si mbaya, Kona, si mbaya." Ubao wa bei niliutoa mimi. Mchwa hawakuhusika.

Bibi yako alilipa kwa cherehani. Alinipindia sare za shule za watoto wangu wote watano, akanishonea mapazia na mifuko ya vipimo. Alifanya hivyo miaka mitatu. Alipofariki, wiki ile ile mzee alikuja kununua sukari, amevaa shati lililofungwa vifungo vibaya. Sikuweza kumtajia bei nyingine. Na baada ya hapo, miaka sita hii, sikupata siku nzuri ya kuanza.

Mtaa mzima unajua. Mzee akiingia, tunaacha kutaja bei. Siku moja muuza mkaa alijisahau akapiga kelele, "Elfu tatu sukari, Kona, una huruma kweli?" Mzee akageuka. Nilimwambia huyu ananunua ile ya vifurushi vya zawadi.

Lakini sasa nimebanwa. Juzi ameniomba magunia kumi ya unga kwa bei yake. Nilikohoa mpaka nikatoka nje.

Usimwambie, binti. Bei ya mkate pandisha, ni haki yako. Ila mzee huyu kitu kimoja anachojivunia hapa duniani ni kwamba bei anazijua.

Kona

•

15 Juni

Babu,

Shikamoo. Mizani yako haikusema uongo. Donge nililikata mimi. Fundi alishauri, lakini mkono ulikuwa wangu. Niliona aibu kukuandikia kwa kuwa ulishanionya, nikadhani gramu arobaini hazitasafiri mpaka kwako.

Kuanzia Jumatatu narudisha uzito kamili, na napandisha bei hadi elfu mbili. Nitaandika kwenye ubao dirishani: mkate umepanda kwa sababu unga umepanda, uzito ni ule ule, anayetaka kupima mizani iko hapa.

Najua ulisema nisipandishe. Najua na bei za Kona. Magunia usimwombe tena, tafadhali. Naomba kwa mara hii uniamini bila kuniuliza kwa nini.

Mjukuu wako

•

3 Julai

Mjukuu wangu,

Barua yako iliniudhi. Nilijisemea, mtoto ameomba ushauri, amepewa, ameutupa, na sababu anaficha. Nikaamua kukuandalia jibu ambalo hutaweza kulipinga: fomu kamili, kama zamani.

Sasa nikukiri kosa ambalo mwanafunzi wangu yeyote wa ofisini angefukuzwa kwa kulifanya. Kanuni yetu ya kwanza ilikuwa: bei ya duka moja si bei. Ni lazima maduka yasiyopungua manne, tena yasiwe yanayopakana. Mimi niliyewafundisha vijana kanuni hiyo nimekaa miaka nikinunua duka moja kwa sababu ya magoti, na juu ya duka hilo moja nikakujengea ushauri.

Nilichukua fimbo, fomu na kalamu, nikaenda upande wa pili wa soko ambako hakuna anayenijua. Safari ilinichukua siku mbili, nikipumzika kwenye kila ukingo wa ukuta. Duka la kwanza: sukari elfu tatu. Nikasema moyoni, mwizi. Duka la pili: elfu tatu na hamsini. Nikasema, wezi wawili. La tatu elfu mbili mia tisa na hamsini, na hapo kalamu ilisimama. La nne niliingia kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi nne. Mkusanya bei akikuta maduka mengi yanakubaliana na moja liko peke yake, hayaulizi yale mengi yana nini.

Nilikwenda kwa Kona. Dukani kulikuwa na watu watatu, na nilipoingia wote wakanyamaza. Nimeingia duka lile kwa miaka na kimya kile nilikiita heshima.

Nikamuuliza, "Kona, ubao wako uliliwa na mchwa mwaka gani?"

Akasema, "Mzee, kaa kwanza."

Nikakaa juu ya gunia la mchele. Akanieleza yote. Muuza mkaa alikuwepo, naye akaongezea pale Kona aliporuka.

Nakumbuka zile sare, mjukuu wangu. Nilimwuliza bibi yako, "Kona ana watoto watano au darasa zima? Mbona hazimaliziki?" Akasema anapitisha muda, mikono yake haijui kukaa bure. Nikaona ni sawa, nikaendelea kukoroga sukari yangu. Kanyagio la cherehani lilikuwa likilia chumba cha pili, nami nikimlalamikia kelele.

Miaka thelathini na mmoja nililipwa nijue bei, na mwanamke niliyelala naye kitanda kimoja akanificha bei ya sukari. Na hakutumia ujanja mkubwa, aliitambaza tu. Nilicheka pale juu ya gunia, Kona akaogopa, akaniletea maji. Kisha nikainamia fimbo yangu, na wote wakatazama pembeni. Nawashukuru kwa hilo.

Kona ameniambia kwamba tangu mwezi wa sita ulikuwa unajua. Ukakubali nikuone mkaidi ili mimi nisijione mjinga. Tanuri lako lilikuwa linazimika na bado ukanifunika aibu mimi kwanza. Nisamehe kwa miezi minne. Na wakala mpelekee radhi zangu, yule hakuwa mnyang'anyi. Na dereva pia, hasa dereva.

Kuanzia jana nalipa bei halisi. Kona alikataa, nikamwambia nitahamia upande wa pili wa soko kwa fimbo yangu hii, akakubali. Chai sasa ina kijiko kimoja. Ule ugumu wa maisha ambao sikuuelewa, nimeuelewa kwa siku moja. Lakini usinitumie pesa, unanijua.

Niambie ukweli: bei mpya imepokelewaje?

Babu yako

•

20 Julai

Babu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikamsomea fundi, naye akajifanya moshi wa tanuri umemwingia machoni.

Ukweli ni huu. Wiki ya kwanza wateja walipungua karibu theluthi. Mama mmoja aliniambia, "Elfu mbili, kwani umetia dhahabu?" Nikamwambia, mizani hii hapa, mama. Akapima mkate wangu, kisha akatoa kwenye kapu mkate wa mwokaji wa mtaa wa pili, akaupima pia. Mia nne na kumi! Siku ya pili alikuja na dada yake. Kufikia wiki ya tatu tumekaribia idadi ya zamani. Kuni nimenunua mzigo mzima, na mama wa dirishani ameacha kuulizia kazi kwingine. Wakala amezipokea radhi zako, anasema bado anataka anwani yako. Dereva amesema atafikiria.

Sasa sikiliza, na usikasirike mpaka umalize kusoma. Natafuta mfanyakazi. Nyumba ya mikate haiwezi kuendeshwa kwa kubahatisha. Nahitaji mtu wa kunikusanyia bei za unga, sukari na mafuta kila mwezi, wiki ya pili, maduka manne, asiyapitie yote siku moja. Awe na uzoefu, awe na mizani yake, awe ameshakosea mara moja ili asirudie.

Mshahara ni mikate minane kwa mwezi, miwili kila wiki kwa lori. Wewe mwenyewe uliniambia mfumuko humuumiza mwenye kipato kilichosimama. Mshahara wa mikate hausimami, Babu. Bei ya mkate ikipanda na wenyewe umepanda. Mtu mmoja hawezi kula miwili kwa wiki, najua, mmoja nenda kabadilishane na Kona kwa sukari. Mtakubaliana wenyewe kwa bei ya siku hiyo, na safari hii bei utaijua.

Hii si zawadi. Ukikosa fomu, mikate haiji.

Mjukuu wako

•

9 Agosti

Mjukuu wangu, na sasa bosi wangu,

Nilitafuta kasoro kwenye hoja yako kwa siku tatu, nikaipata moja tu: mshahara wa mikate haupungui nguvu mradi mkate wenyewe usipungue. Kwa hiyo mshahara wangu wa kwanza nimeupima kabla ya kuupokea. Gramu mia nne tisini, na mwingine mia nne tisini na mbili. Nikiongeza maji yaliyopotea njiani, mshahara umefika wote. Dereva aliniletea hadi mlangoni, na tukazungumza kwa muda. Ana maoni mengi juu ya bei ya dizeli, nimeyaandika pembeni mwa fomu.

Fomu ndiyo hiyo, imeambatana. Unga umesimama mwezi huu katika maduka yote manne. Usinielewe vibaya: kusimama si kushuka. Gari likipunguza mwendo halirudi lilikotoka. Watu wanaposikia mfumuko umepungua hungoja bei za zamani, na hao hungoja sana. Wewe usingoje, ila usiguse bei yako kabla ya mwaka kuisha.

Mkate mmoja nimempa Kona kwa sukari. Tulibishana bei kama wageni kwa dakika kumi na tano, na muuza mkaa akiwa mwamuzi. Nimefurahi sana. Chai imepanda hadi vijiko viwili, na hapo nitaiacha.

Kona amenunua ubao mpya wa bei na kuniomba niuandike kwa mwandiko wangu. Niliandika kila kitu kwa bei halisi, sukari juu kabisa ili aone aibu. Leo asubuhi nimekuta mtu ameongeza mstari chini, kwa mwandiko mbaya wa mtu wa kupima na kufunga: "Kiberiti, kwa Bwana Bei peke yake: bei ya Bibi."

Nilishika kitambaa ili nifute. Ubao wenye bei mbili ni kinyume cha kila kitu nilichofundisha.

Nikanunua kiberiti kwa bei hiyo, nikarudi nyumbani kuwasha jiko.

Babu yako